Kuandaa Mashine ya Injeksheni kwa Kompaundi ya Poliesta: Mwongozo Kamili kwa Karakana za Mtwara

Masanduku ya chuma ya mita na swichi yaliyofungwa kwenye kuta zinazotazama bahari, kuanzia Shangani hadi Mikindani, hayadumu. Chumvi huanza na bawaba, ikahamia kwenye skrubu, na hatimaye mlango wa sanduku unabaki mkononi mwa fundi umeme. Sanduku la poliesta yenye nyuzi za kioo halina cha kuliwa na kutu, halipitishi umeme, na waya ukishika moto ndani yake haliyeyuki likatiririka. Masanduku hayo, pamoja na vishikilia fyuzi na besi za swichi, yanaweza kutengenezwa huku huku kusini, na ningependa sana kuona yanatengenezwa. Mwongozo huu ni wa fundi au mwenye karakana wa Mtwara au Lindi ambaye tayari anaijua mashine ya injeksheni ya plastiki ya kawaida na sasa anataka kuingia kwenye poliesta inayoiva kwa joto.

Shika kwanza jambo hili, maana mengine yote yanatoka humo. Kwenye plastiki ya kawaida silinda ni ya moto na moldi, yaani kalibu inayoipa bidhaa umbo, ni baridi: nyenzo inayeyuka nyuma, inaganda mbele. Kwenye poliesta mambo yamegeuka. Silinda inakaa kwenye nyuzijoto 30 hadi 50, na moldi inakaa kwenye 150 hadi 170. Nyenzo inaingia ikiwa laini, inaiva ndani ya moldi, na ikishaiva hairudi kuwa laini hata uipashe vipi. Fundi wa plastiki akiona nyenzo inasukumika kwa shida, mkono wake unakimbilia kuongeza joto la silinda. Akifanya hivyo kwa poliesta, silinda inaziba, na kuizibua ni kazi ya nyundo, patasi na siku nzima iliyopotea.

Kompaundi yenyewe

Inafika kwenye mifuko iliyozibwa, ikiwa donge zito la kunata mfano wa unga wa maandazi uliokandwa, lenye nywele nywele za kioo ukilivuta. Ndani yake kuna rezini ya poliesta iliyoyeyushwa kwenye stairini, unga laini wa mawe ya chokaa, nyuzi za kioo za milimita 6 hadi 12, ambazo kwa kawaida huwa asilimia 10 hadi 20 ya uzito, peroksaidi ya kuanzisha uivaji, steariti ya zinki ili bidhaa isigande kwenye moldi, na rangi. Kwa vifaa vya umeme, sehemu ya unga wa chokaa mara nyingi hubadilishwa na alumina ya aina inayobeba maji ndani yake, ambayo ikipata moto hutoa mvuke na kuzuia miali. Ukiagiza, mwambie muuzaji waziwazi kwamba unatengeneza vifaa vya umeme.

Donge hili ni zito kuliko plastiki: sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.8 hadi 2.0. Anayepanga kiasi cha mpigo, yaani nyenzo inayosukumwa kwenye moldi kwa mara moja, kwa mazoea ya polithini atakosea karibu mara mbili.

Stoo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa mazingira yetu hapa ndipo kazi inapoharibika kabla mashine haijawashwa. Peroksaidi haisubiri moldi. Hata kwenye joto la kawaida la chumba inafanya kazi, polepole tu. Kompaundi nyingi huwa na muda wa kati ya wiki kadhaa na miezi mitatu hivi, kwa sharti kwamba zimehifadhiwa chini ya nyuzijoto 20 au 25. Mtwara wakati wa kaskazi, mchana joto hufika 30 na kupita, na kontena la bati lililoachwa juani huwa tanuri. Muda ulioandikwa kwenye mfuko haukuhesabiwa kwa kontena hilo.

Hesabu pia barabara. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara ilikatika Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama. Mzigo wa nondo unaweza kulala njiani ukaamka ulivyo. Mzigo wa kompaundi kwenye lori lililofunikwa turubai hauamki ulivyo. Kwa hiyo agiza kidogo kidogo, uliza tarehe ambayo kompaundi ilichanganywa kiwandani (tarehe ya kufika bandarini haikusaidii), na ulipie gari la ubaridi. Yale yanayobeba samaki yapo kwenye njia hii, ila lazima liwe safari ya kompaundi peke yake. Stairini hunuka na hupenya, na samaki akisafiri nayo haliki.

Stoo yenyewe iwe chumba kidogo chenye dari lililozibwa vizuri, kiyoyozi kinachoweza kushikilia nyuzijoto 18 hadi 20, na kipimajoto ukutani kinachosomwa kila asubuhi na jioni. Mvuke wa stairini unashika moto, hivyo swichi na taa ziwe za aina isiyotoa cheche, na kuwe na tundu la hewa karibu na sakafu, kwani mvuke huo ni mzito kuliko hewa na hushuka chini. Mifuko ipangwe kwa tarehe, ya zamani mbele.

Kuna kosa ambalo hali ya hewa ya pwani inalialika. Mfuko ukitolewa kwenye ubaridi na kufunguliwa papo hapo, unyevu wa hewa unaganda juu ya donge kama jasho kwenye chupa ya soda. Maji hayo yakifika kwenye moldi ya nyuzijoto 160 yanakuwa mvuke, na bidhaa inatoka na vitundu. Toa mfuko wa siku hiyo mapema, uuache umefungwa mpaka ukaribie joto la chumba, ndipo uufungue. Ukichukua kiasi unachohitaji, uufunge tena mara moja, kwa sababu stairini ikitoroka donge linakauka na kugoma kutiririka.

Jinsi ya kujua kama donge bado ni zima: bonyeza kwa kidole ukiwa na glovu. Lililo zima linabonyea, linanata kidogo, na likivutwa linachanika taratibu huku nyuzi zikining'inia. Lililoanza kuiva linakatika ghafla kama sabuni kavu, na ndani lina vipande vigumu. Hilo usilitie kwenye mashine kwa kuhurumia pesa.

Mashine

Mashine ya plastiki ya kawaida haigeuzwi ya poliesta kwa kubadilisha namba kwenye skrini. Kuna vitu vinne vya kuangalia, iwe unanunua mpya au mtumba.

Cha kwanza ni njia ya kulisha. Donge halianguki lenyewe kutoka kwenye faneli, hivyo mashine inahitaji silinda ya pembeni yenye pistoni inayolisindilia liingie kwenye skrubu, ile ndefu inayozunguka ndani ya silinda na kusukuma nyenzo mbele. Presha ya pistoni hiyo iwe ileile muda wote. Ikiyumba, uzito wa kila mpigo unayumba nayo. Unapojaza donge, libane vizuri pembeni ili usifungie hewa katikati.

Cha pili ni skrubu. Skrubu ya plastiki hukonda njia yake kuelekea mbele ili kuikandamiza nyenzo. Ya poliesta haikandamizi: kina cha njia ni kilekile mwanzo hadi mwisho, nacho ni kikubwa, na skrubu yenyewe ni fupi. Lengo ni kuzilinda nyuzi. Nyuzi ikiingia na milimita 12 ikatoka na 1, umelipia kioo ukapata unga. Kwa sababu hiyo hiyo, pete ya kuzuia nyenzo kurudi nyuma, ile inayokaa kwenye ncha ya skrubu ya plastiki, kwenye mashine nyingi za poliesta haipo au ni ya muundo wake maalumu. Pete ya kawaida hukata nyuzi na kuficha mabaki yanayoivia mle ndani.

Cha tatu ni joto la silinda. Badala ya hita za umeme, silinda inavikwa koti la maji, na maji yanatoka kwenye kifaa kinachoweza kupasha na kupoza. Hapa Mtwara kupoza ndiko kwenye kazi. Tangi la plastiki nyeusi juu ya paa halifai hata kidogo. Saa nane mchana maji yake yanaweza kuwa ya moto kuliko silinda unayotaka kuipoza. Tangi liwe kivulini au ardhini, na kama maji yako ni ya kisima chenye chokaa, yachuje na kuyatibu, kwani ukoko kwenye koti la silinda huzuia joto kutoka.

Cha nne ni nguvu ya kufunga. Chukua eneo la bidhaa likitazamwa kutoka mbele, kwa sentimita za mraba, zidisha kwa tani 0.3 hadi 0.5. Mfuniko wa sentimita 12 kwa 18 una eneo la 216, mara 0.5 ni tani 108. Hapo mashine ya tani 120 inatosha, ya tani 80 itafumuka na kutoa ndimi, yaani utando wa nyenzo iliyovuja, pembeni kote.

Tazama pia kuchakaa. Kioo na mawe vinasaga chuma. Kwa mashine ya mtumba, toa skrubu, ipime kipenyo sehemu ya mbele na ya nyuma, na ulinganishe na kitabu chake. Muuzaji anayekataa skrubu itolewe ameshakujibu.

Moldi

Moldi ya polithini haitumiki kwa poliesta, hata kama umbo ni lilelile. Polithini husinyaa asilimia 1.5 hadi 3 ikipoa, kompaundi hii husinyaa chini ya asilimia 0.5, na nyingine karibu na sifuri. Kifuniko kitatoka kikubwa na hakitaingia kwenye sanduku lake. Na kwa kuwa nyenzo haisinyai kujitenga na chuma, kuta za moldi zipewe mwinamo, digrii 1 kwa uchache na 2 au 3 panapowezekana, na pini za kusukumia ziwe nyingi.

Chuma kiwe cha zana, kilichofanywa kigumu kwa joto, uso wake usuguliwe ung'ae kisha upakwe kromu. Mlango wa kuingilia nyenzo usiwe mwembamba, milimita 1.5 hadi 3 ya kina ni salama kwa nyuzi.

Njia za hewa watu huzidharau. Nyenzo inaingia kwa sekunde chache, na hewa iliyokuwemo lazima itoke. Isipopata pa kutokea inabanwa mpaka inapata joto kali na kuunguza ncha ya bidhaa. Chonga njia za kina cha milimita 0.03 hadi 0.05, upana wa milimita 5 hivi, mahali nyenzo inapofika mwisho, na uziendeleze hadi nje ya moldi. Zikiwa za kina zaidi ya hapo, nyenzo yenyewe inatoka; poliesta ikigusa chuma cha moto huwa nyepesi ghafla kabla ya kuiva, na hupenya popote.

Hita zinakaa ndani ya bamba za moldi. Kukadiria ukubwa wake si kubahatisha. Moldi ya kilo 400 ikitoka nyuzijoto 30 kwenda 160 inahitaji takriban kilojuli 25,500, yaani uniti 7 za umeme kama hakuna joto linalopotea. Hita za jumla ya kilowati 10 zitaifikisha ndani ya dakika 45 kwenye karatasi. Kwa uhalisia tarajia saa moja na zaidi. Gawa hita katika kanda, kila kanda na kipimo chake cha joto kilichowekwa kati ya hita na uso wa bidhaa. Tundu la hita liwe la kubana. Hita inayocheza kwenye tundu lake haipeleki joto kwenye chuma, inajiunguza yenyewe, na ya kubadilisha mara nyingi iko Dar es Salaam. Weka akiba.

Katikati ya moldi na mabamba ya mashine weka bodi maalumu za kuzuia joto. Bila hizo, sehemu kubwa ya umeme wako inapasha mashine, na nguzo za mashine zinarefuka na kuharibu ulinganifu wake.

Kufunga na kupasha

Pandisha moldi ikiwa baridi, ipange katikati, kaza bolti, unganisha hita na vipimo, na uhakikishe kila waya wa kipimo umeingia kwenye kanda yake. Waya wa kanda ya juu ukisomwa kama wa chini, kidhibiti kitapasha upande mmoja bila kikomo.

Usiseti nguvu ya kufunga moldi ikiwa baridi ukadhani umemaliza. Chuma hurefuka kwa sehemu 12 kati ya milioni za urefu wake kwa kila nyuzijoto moja. Moldi yenye unene wa milimita 300 ikipanda nyuzijoto 130 inaongezeka karibu nusu milimita. Kwenye mashine yenye viwiko, ile inayofunga moldi kwa mikono ya chuma inayokunjuka, nusu milimita hiyo inatosha kuifunga isifunguke tena au kupasua nguzo. Legeza, pasha moldi mpaka ifike na itulie kwa nusu saa, halafu seti kimo na nguvu ya kufunga ikiwa moto.

Kisha pima uso. Kidhibiti kinakuambia joto la pale kipimo kilipo tu. Chukua kipimajoto cha kugusa, gusa pembe nne na katikati ya kila nusu, uandike. Tofauti isizidi nyuzijoto 5. Ikizidi, rekebisha kanda moja moja na usubiri kati ya marekebisho. Wakati huo huo kata vipande vinne vya karatasi nyembamba, weka kimoja kila kona, funga moldi kwa presha ndogo, na uvivute. Vyote vibanwe sawa. Kona inayoachia karatasi ndiyo itakayotoa ndimi nene.

Kabla ya mpigo wa kwanza

Vaa glovu za nitraili na miwani. Feni ya kunyonya hewa iwe juu ya moldi na nyingine kwenye nozeli, ile ncha ya silinda inayogusa moldi, maana stairini huumiza macho na kichwa, na kituo chake cha kushika moto ni kama nyuzijoto 31, joto la kawaida la mchana wetu. Pasiwe na sigara wala kuchomelea karibu. Vumbi la kukwangua ndimi lina kioo, hivyo pale mezani mtu avae barakoa ya vumbi na mikono mirefu. Eneo la kazi lisajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, tangu mwanzo, na kama bidhaa ni ya umeme, fuatilia viwango na vipimo vya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla hujachonga moldi, kwa sababu unene wa ukuta na umbali kati ya vyuma vinaamuliwa na viwango hivyo.

Namba za kuanzia, zikipishana na karatasi ya mtengenezaji fuata karatasi:

Silinda nyuma nyuzijoto 30, mbele 40, nozeli 45 hadi 50. Moldi 155 hadi 160. Skrubu mizunguko 20 hadi 40 kwa dakika. Mgandamizo wa nyuma, yaani presha inayoipinga skrubu inaporudi kuchukua nyenzo, usizidi bar 5 za haidroliki, ukiweza anza na sifuri. Muda wa kujaza sekunde 2 hadi 4. Presha ya kushikilia, inayoendelea kusukuma moldi ikishajaa, nusu ya ile ya kujaza, kwa sekunde 5 hivi. Muda wa kuiva sekunde 10 hadi 15 kwa kila milimita ya ukuta mnene kabisa. Kwa ukuta wa milimita 3 ni sekunde 30 hadi 45, ila siku ya kwanza weka 60.

Mipigo ya kwanza

Rudisha nozeli nyuma, sukuma nyenzo hewani. Itoke kama mkia mnene, usio na vipande vigumu, ukiuchoma kwa kipimajoto cha sindano usome 40 au 45. Ukisoma 60, skrubu inasugua mno. Punguza mizunguko na mgandamizo wa nyuma, angalia maji. Mabonge haya usiyarundike pembeni: bonge nene likianza kuiva linajipasha lenyewe na kufuka moshi. Yabonyeze yawe bapa, yatoe nje.

Mpigo wa kwanza usijaze moldi. Weka kiasi cha kufikia kama asilimia 70, toa, kisha ongeza kidogo kidogo, presha ya kushikilia ikiwa sifuri. Vipange vipande vyote mezani kwa mfuatano, cha kwanza kushoto. Vitazame kwa makini, maana hakuna kompyuta ya karakana ndogo inayokupa picha hii. Kwenye cha kwanza utaona nyenzo imetoka mlangoni ikafunguka kama feni. Cha pili kimezunguka tundu la bawaba pande zote mbili. Cha tatu pande hizo mbili zimekutana, na pale zilipokutana pana ufa mwembamba au mstari wa kung'aa. Nyuzi hazivuki mstari huo, hivyo hapo ndipo sanduku litakapopasuka mtu akikaza skrubu kwa nguvu. Kama mstari umeangukia kwenye bawaba au tundu la skrubu, tatizo ni mahali pa mlango. Kubadilisha presha hakutauhamisha. Bora ulijue hilo leo kuliko baada ya kuuza.

Ukifika karibu asilimia 95 hadi 98, hapo ndipo pa kubadilisha kutoka kujaza kwenda kushikilia. Acha milimita 3 hadi 5 za nyenzo mbele ya skrubu mwisho wa mpigo, ili kushikilia kuwe na cha kusukuma. Pima uzito wa kila kipande; vikitofautiana zaidi ya asilimia 1, rudi kwenye pistoni ya kulisha kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa tafuta muda wa kuiva. Kutoka sekunde 60 punguza tano tano, toa vipande kadhaa kwa kila hatua, na uvikague vikiwa moto na tena vikipoa. Kipande kisichoiva kinajisema: moldi ikifunguka kinavimba malengelenge kwenye sehemu nene, kikivunjwa kinanuka stairini kwa ukali, ubavu wake unabonyea kwa ncha ya kijiti kigumu, na kikipoa kinapinda. Ukiona dalili hizo, rudi hatua mbili juu. Mwenye kipimo cha ugumu cha Barcol apime sehemu nyembamba na nene. Namba zikifanana, kumeiva. Usishindane na saa hapa. Sekunde tano unazookoa kwa kila kipande hazina maana kama sanduku litapinda likiwa ukutani kwa mteja.

Kusoma kasoro

Ncha iliyoungua rangi ya kahawia: hewa imefungiwa. Safisha njia za hewa kwanza, kisha punguza kasi mwishoni mwa kujaza.

Kipande hakijajaa ingawa nyenzo inatosha: mara nyingi imeanza kuiva kabla ya kufika. Dalili ni uso mkavu wenye mawimbi karibu na mwisho. Ongeza kasi, au shusha moldi nyuzijoto 5. Kama uso ni laini na umekatika wima, basi ni kiasi au presha tu.

Malengelenge yana mama wawili, na kuwatofautisha ni rahisi. Yakipungua ukiongeza muda wa kuiva, ilikuwa ni kutoiva. Yakibaki vilevile, ni hewa au unyevu: angalia jinsi mfuko ulivyofunguliwa na jinsi donge lilivyojazwa kwenye pistoni.

Kugandia kwenye moldi mpya huisha kwa kupaka waksi au steariti ya zinki kidogo kwenye mipigo ya mwanzo. Ikiendelea, kagua kromu na mwinamo.

Ndimi nyembamba pembeni ni za kawaida kwa nyenzo hii na hukwanguliwa. Zikinenepa, rudia jaribio la karatasi. Mabaki ya ndimi yafutwe kwa hewa na brashi ya shaba kila mpigo, kwa sababu moja likibaki kwenye uso wa kufungia, mpigo unaofuata utalichapa kwenye chuma kwa tani mia.

Mikia, yaani nyenzo iliyoivia kwenye njia ya kuingilia moldi, na vipande vibovu havisagwi na kurudishwa kwenye silinda. Hesabu uzito wa mkia kama hasara ya kudumu kwenye bei, fupisha njia yake kadiri moldi inavyoruhusu, na usichome taka hizi shimoni; zipelekwe dampo linaloruhusiwa.

Umeme ukikatika

Panga hili kabla halijatokea, na bandika ukutani nani anafanya nini. Umeme ukienda, moldi inabaki na joto lake kwa muda mrefu, na nozeli imeigusa. Sehemu ya hatari ni ncha hiyo ndogo. Mtu wa mashine arudishe nozeli nyuma mara moja. Kama mashine haina akiba ya presha ya kufanya hivyo, iwekewe pampu ya mkono. Mtu wa pili awashe jenereta ndogo inayoendesha pampu ya maji ya silinda peke yake, kazi isiyohitaji jenereta kubwa ya kuendesha mashine nzima. Mtu wa tatu atoe kilichomo kwenye moldi kabla hakijashika.

Silinda ikibaki chini ya nyuzijoto 40, nyenzo ndani yake inavumilia saa kadhaa. Umeme ukirudi, toa kwanza kizibo cha nozeli: kitakuwa kama kidole kigumu, mbele kimeiva rangi ya kukoza, nyuma kimepauka na bado kinabonyea. Pale kinapobadilika ndipo joto lilipofika. Sukuma hewani mpaka vipande vigumu viishe, ndipo uguse moldi.

Ikionekana umeme hautarudi siku hiyo, au unafunga kwa ajili ya sikukuu, toa nyenzo yote na ujaze silinda kompaundi isiyo na peroksaidi, ambayo muuzaji huitengeneza ukiiagiza. Agiza mfuko mmoja pamoja na mzigo wa kwanza. Hiyo inakaa ndani bila kuiva, na asubuhi unaisukuma nje kwa nyenzo mpya, ukitupa vipande vya mwanzo hadi rangi na uzito vitulie.